Nilimwambia Wifi Soya Haichemshwi

Mnaonifuata tangu mwanzo mnanijua. Mimi ni Nanjala, mjane wa Khisa, yule aliyeibiwa daftari. Kwa wewe ambaye umeliokota gazeti hili leo likiwa limefungiwa nyama, nitakueleza kwa ufupi kisha tuendelee. Leo nina jambo ambalo sijamwambia hata kasisi wangu.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi kiwandani Athi River na tulikuwa tumepanga nyumba Kitengela. Mwaka wa 2000 akaota uvimbe kooni. Ugali haukupita, wali haukupita, hata ndizi iliyopondwa ilimkaba. Daktari alisema njaa itamuua kabla ya ugonjwa wenyewe.

Nilikataa. Nilikwenda Kajiado kwa afisa wa lishe, Bwana Obonyo, nikakaa kwenye benchi lake siku tatu mpaka akachoka kuniona. Alinifundisha kutengeneza unga ambao kikombe chake kimoja ni mlo mzima. Wimbi na mchele wa kutia nguvu, soya na samaki wadogo wa omena wa kujenga mwili, karanga, mbegu za malenge, mboga ya terere iliyokaushwa ya kuongeza damu, na maziwa ya unga. Kila kitu kinaiva kwanza ndipo kisagwe, ili mgonjwa akorogewe kwa maji moto tu na anywe.

Niliuita Unga Kamili. Khisa aliishi kwa unga huo miezi kumi na minne bila kutafuna hata punje.

Baada ya mazishi, wifi yangu Elizabeth, dada mkubwa wa Khisa, alikuja kunifariji. Alinifariji miezi mitatu, akala, akalala, akaniangalia nikipima na kusaga. Siku aliyorudi kwake Kisaju aliondoka na daftari langu la vipimo, na soya yangu yote iliyokwisha kuiva, na jina la unga wangu, na wateja wangu wote wa barabara ya Namanga.

Aliniachia mtu mmoja tu, Mama. Mama mkwe wangu alikuwa amepigwa na kiharusi, mdomo ukapinda, hawezi kutafuna. Naye alikuwa akiishi kwa unga wangu, vikombe vitatu kwa siku. Elizabeth hakumtaka wakati huo. Mama hakuwa na kazi kwake.

Basi sikieni nilivyolipiza.

Daftari lile lilikuwa na vipimo peke yake. Gorogoro mbili za wimbi, gorogoro moja ya soya, hivyo hivyo hadi chini. Namna ya kuandaa sikuiandika, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inaijua.

Na soya ina kazi yake. Inachemshwa dakika thelathini tangu maji yaanze kutokota, inatolewa maganda, inaanikwa, kisha inakaangwa. Ukiisaga mbichi inachafua tumbo, unatapika na kuharisha. Mtu mwenye afya atataabika siku mbili. Mgonjwa aliyekwisha mwili anaweza kwenda nayo. Bwana Obonyo alinifanya nilirudie somo hilo mara tatu mbele yake kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mimi nilikuwa nikichemsha na kukaanga soya Jumapili. Na Jumapili wifi alikuwa kanisani tangu asubuhi hadi jioni, akikemea mapepo ya watu wengine. Akirudi anakuta soya imekauka kwenye gunia, safi, ya manjano. Akadhani ndivyo ilivyotoka dukani.

Hilo ndilo kosa lake. Aliiba kazi ya siku sita, akaacha ya Jumapili.

Ilikuwa Jumanne, Aprili ya 2002. Nilikuwa kwa mashine ya kusaga ya Musila, karibu na soko la Kitengela, nimekalia gunia langu nikingoja zamu. Mara nani anaingia? Wifi mwenyewe, kitenge kipya, viatu vipya, na magunia mawili juu ya mkokoteni. Mashine ya Kisaju ilikuwa imekatika mkanda.

"Wifi! Kumbe bado uko hapa?"

"Sijahama," nikamwambia. "Aliyehama alihama na vitu vya watu."

Akacheka kama mtu aliyesifiwa.

"Usiweke mambo kwa roho hivyo. Hii unga ni ya familia. Khisa alikuwa ndugu yangu kabla akuwe bwana yako."

"Alipokuwa hawezi kumeza ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naomba," akasema.

Nilishika gunia kwa mikono miwili nisimrukie. Musila alikuwa anatutazama kutoka kwenye mashine, nyusi zake nyeupe kwa unga.

Elizabeth akafungua gunia lake la kwanza kuonyesha. Nikachungulia. Soya ilikuwa inang'aa, ngumu, na maganda yake yote juu. Mbichi kabisa. Moyo wangu uliruka, na siwezi kusema uliruka kwa hofu.

Kisha akanisogelea. Akapunguza sauti, akawa yule wifi wa zamani aliyekuwa akilala kitanda kimoja na binti yangu Cindy.

"Wifi, nikuulize kitu moja. Ile soya yako imeisha, hii nimenunua. Kwa daftari umeandika soya gorogoro moja, lakini haujaandika kama inapikwa. Si inawekwa tu hivi?"

Hapo ndipo mimi nilipo leo, ndugu msomaji. Pale pale, mbele ya mashine ya Musila. Neno moja lingetosha. Ningesema ichemshe, na yote ninayowaeleza yasingekuwapo.

Lakini niliona viatu vyake. Nilikumbuka wateja wakipita mlango wangu kwenda kwake. Nilikumbuka siku aliyomwambia mchungaji mbele ya watu kwamba unga ule alioteshwa na Mungu, mimi nikiwa nimekaa safu ya nyuma.

"Soya haichemshwi," nikamwambia.

"Kweli?"

"Ukichemsha, nguvu yote inamwagwa na maji. Anika kwa jua tu, usage."

"Wewe ndivyo ulikuwa unafanya?"

"Kwani Khisa aliishi miezi kumi na minne na nini?"

Nilimtumia marehemu mume wangu kama shahidi wa uongo. Elizabeth akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.

"Mungu akubariki, wifi. Mimi nilijua haunichukii."

Alitoka nje kutafuta soda. Musila akaniita kwa kidole. Yeye alikuwa amesaga unga wangu tangu siku ya kwanza, na pua yake ilikuwa inajua kila gunia.

"Mama Cindy, hii soya ya wifi yako inanuka maharagwe. Yako hunukia karanga."

"Saga, Musila."

"Lakini wewe huwa unai—"

"Gunia si langu. Saga."

Musila ni mtu mzima wa Ukambani ambaye hataki maneno ya wanawake. Akavuta mkanda na mashine ikalia.

Siku hiyo nilipika chapati ingawa haikuwa Krismasi. Cindy akauliza kuna wageni gani wanakuja. Nikamwambia hakuna, mama yako anafurahi tu.

Nilifurahi kweli, sitawadanganya. Kichwani nilimwona Elizabeth akirudishiwa unga wake mbele ya watu. Nilimwona akivua viatu vile.

Jumamosi gari lilisimama mlangoni. Elizabeth tena, sasa amekuja na teksi.

"Nimekuja kuchukua Mama. Atakaa na mimi wiki tatu hivi."

"Mama yupi? Yule uliyesema anakunukishia nyumba?"

"Ni mama yangu mzazi, Nanjala. Wewe umeolewa tu."

Baadaye niliambiwa sababu yake. Alitaka kumketisha Mama kwenye kiti mlangoni mwa duka ili kila mteja amwone. Angesema, mwoneni mama yangu mwenyewe, hatafuni, anaishi kwa unga huu huu ninaowauzia. Mama sasa alikuwa amepata kazi.

Kwa sheria na kwa mila, mtoto wa kuzaa ni mtoto wa kuzaa. Lakini nilikumbuka soya.

Ndipo Mama mwenyewe akaniokoa, au niliona ameniokoa. Alikuwa ameketi kitandani, shuka mabegani, akasema kwa ule mdomo wake uliopinda:

"Nitaenda. Lakini mimi sinywi unga ya mtu mwingine. Hata yako, Elizabeth. Nakunywa mkono wa Nanjala peke yake. Ukinipa nyingine nitatema."

Elizabeth alibadilika uso. Binti wa kuzaa kuambiwa hivyo mbele ya dereva!

"Sawa, Mama," akasema. "Wifi atakufungia yake."

Nikafunga. Mikebe miwili mikubwa, ya kumtosha wiki tatu. Nikabandika karatasi yenye jina langu kama kawaida, na juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: MAMA. Nilimweka Mama kwenye gari mwenyewe. Akanishika shavu kwa mkono wake mzima.

"Usilie. Nitakuwa na wewe kwa kikombe."

Gari likaondoka na mimi nikarudi ndani nimetulia kabisa. Mama alikuwa na unga wangu, Kisaju nzima ilikuwa na unga wa Elizabeth. Mpango wangu haukuwa na tundu.

Wiki moja ikapita. Musila akaniletea habari akiwa amesimama nje ya mlango, hataki kuingia.

"Kisaju watu wanaendesha na kutapika. Wale wote wanatumia unga ya wifi yako."

"Pole yao."

"Mama Cindy, hao ni wagonjwa."

"Si mimi niliwauzia."

"Na mimi nilisaga," akasema, na akaenda zake.

Mtaniuliza, hao wagonjwa walinikosea nini? Nilijiuliza pia. Nilijijibu kwamba walinikosea kwa kuniacha na kwenda kununua kwa mwizi. Hayo ndiyo majibu mtu hujipa akiwa na uchungu, na nikalala fofofo. Usiku ule nililala vizuri kuliko usiku wowote tangu Khisa aende.

Siku tano nikangoja wateja warudi. Nilisafisha mikebe, nikanunua wimbi. Nilishafanya mazoezi ya sura nitakayowaonyesha, sura ya mtu asiyejua lolote.

Wa kwanza alikuja Alhamisi asubuhi. Alikuwa Nyawira, mwanamke mwenye shamba la vitunguu kule Kisaju, anaendesha pikapu yake mwenyewe. Alikuwa akimtunza baba yake aliyekatwa sehemu ya tumbo. Alikuwa mteja wangu kabla Elizabeth hajamvuta.

Nilimkaribisha kwa sura yangu ile.

"Niko na shida, Mama Cindy," akasema hata kabla ya kukaa. "Nimenunua kwa wifi yako mara mbili. Ya kwanza niligawana na jirani, na baba alikunywa vizuri mpaka akaitisha redio yake. Ya pili alitapika siku mbili, nikadhani namzika."

"Pole sana."

"Nataka ile ya kwanza."

"Basi rudi kwa aliyekuuzia," nikamwambia. Nilitaka anibembeleze kidogo. Nilikuwa nimeungoja utamu huo miezi.

"Ile ya kwanza ilikuwa yako."

"Yangu vipi? Mimi sijakuuzia kitu tangu Januari."

"Niliona kwa macho. Nilimwambia mimi sijui unga yake, akasema ngoja nikupe ile umezoea. Akatoa mikebe miwili chini ya meza, ina karatasi na mwandiko wako. Akanimiminia yote kwa mfuko wa nailoni mpaka akagongagonga mikebe."

Sura yangu ya mazoezi ikaanza kudondoka.

"Mikebe imeandikwa nini?"

"Jina lako. Na juu imeandikwa MAMA, hivi, kwa herufi kubwa. Nikamwambia aniuzie na mikebe basi, ni mizuri. Akakataa. Ati mikebe bado anaihitaji."



Mikebe mitupu anaihitaji ya nini? Kuna bibi mmoja tu Kisaju ambaye hanywi kitu mpaka aone mwandiko wangu kwenye mkebe. Mama hajui kusoma, lakini karatasi yangu anaijua kama anavyojua sura yangu.

"Ilikuwa siku gani?" nikauliza.

"Jumatatu ya wiki iliyopita. Siku mbili baada ya kuleta yule shosho."

Nikahesabu kwa vidole. Siku kumi. Vikombe vitatu kwa siku, siku kumi, tumbo la mwanamke wa miaka sabini na nne.

"Nyawira, nipeleke Kisaju."

"Saa hii? Na unga yangu?"

"Chukua gunia zima. Twende."

Nilimwachia jirani ufunguo ampe Cindy, nikapanda nilivyo, na aproni yangu. Nyawira aliendesha kwa kasi na hakuniuliza kitu, Mungu ambariki.

Nitakiri na hili. Nusu ya kwanza ya safari sikumwaza Mama. Nilikuwa nikipanga nitakachomfanyia Elizabeth Mama akifa. Nilimvua nguo sokoni, nilimpeleka kwa chifu, nilimtapisha kila alichokula kwa jasho langu. Tulikuwa tumeshavuka mabonde mawili ndipo nikakumbuka kwamba ile soya niliisema mimi.

Elizabeth alikuwa mlangoni mwa duka lake. Kiti cha Mama kilikuwa hapo kando, kitupu, na mto juu yake.

"Mama yuko wapi?"

"Salamu kwanza, wifi."

"Elizabeth, Mama yuko wapi?"

"Amelala. Ana ile homa ya tumbo inazunguka. Kisaju yote wanayo."

"Anakunywa nini?"

"Unga yako. Si ulimfungia?"

"Unga yangu uliuza!" Nilimwonyesha Nyawira kwa kidole. "Huyu hapa ndiye alinunua!"

Elizabeth alimwangalia Nyawira, akaniangalia mimi, kisha akaweka mikono kiunoni.

"Sasa kama niliuza? Unga ni unga. Zote ni Kamili. Ama yako ina malaika ndani? Unaona wivu kwa sababu mama yangu anakunywa unga yangu na hajui tofauti."

Nilimsukuma. Alianguka juu ya kile kiti, na nilipenda sauti ya mguu wa kiti ukivunjika. Nikapita.

Chumba cha nyuma kilikuwa na harufu ya matapishi na dawa ya kusafisha choo. Mama alikuwa amelazwa kwenye godoro, ameisha kabisa. Macho yameingia ndani. Kwa mkono wake mzima alikuwa ameshika kikombe, anakinywa polepole, anapumzika, anakinywa tena. Mkebe wangu ulikuwa umesimama kando ya kichwa chake na lile neno langu juu.

"Mama."

Alinitambua kwa sauti. Uso ule uliopinda ukajaribu kucheka.

"Nilijua utakuja. Niliwaambia."

"Mama, nipe hicho kikombe."

"Wacha nimalize."

"Nipe, tafadhali."

"Nanjala, sikia." Alikuwa anasema neno moja, anavuta pumzi, anasema lingine. "Tumbo imekataa. Siku nyingi imekataa. Elizabeth akaniambia, Mama wacha basi. Nikamwambia hapana. Hii ni mkono wa Nanjala. Aliweka mwanangu hai. Nikitapika, nakunywa tena. Najua itanishika tu."

Nililia hapo, mbele ya Elizabeth aliyekuwa ameshafika mlangoni akijishika kiuno. Sikulia kwa huruma peke yake. Nililia kwa hasira pia, hasira ya kwamba hata hapo, nikiwa nimepiga magoti, sikuweza kumwambia Mama kwa nini asinywe. Ningesema ni sumu, angeuliza nimejuaje.

"Mama, huu umeharibika njiani," nikasema. "Nitakutengenezea mwingine."

"Ya kwako haiharibiki," akasema, na akakivuta kikombe kifuani.

Nje pikipiki ikasimama. Nikasikia Nyawira akisalimia mtu kwa heshima, kisha hatua za viatu vizito, kisha sauti ambayo niliifahamu.

"Hapa ndipo panapouzwa Unga Kamili?"

Alikuwa Bwana Obonyo.

Aliingia ameinama, kofia ya pikipiki mkononi. Alikuwa amezeeka kidogo. Hakuniona mara moja kwa sababu chumba kilikuwa na giza na mimi nilikuwa chini.

"Niko na watu kumi na moja kutoka hapa hadi Isinya," akasema. "Mzee mmoja amelazwa Kajiado, hajui kama ni mchana ama usiku. Wote wamekunywa kitu moja. Nataka kuiona."

Obonyo akaona mkebe kando ya Mama. Akauinua, akachota unga kwa ncha ya kidole, akauonja. Akatema ukutani, kwa nguvu, kama mtu aliyeng'atwa ulimi.

"Hii soya ni mbichi! Nani ametengeneza hii?"

Elizabeth aliutazama mkebe. Nami niliutazama. Jina langu lilikuwa hapo, na mwandiko wangu.

Mama ndiye aliyejibu. Aliinua kichwa kutoka kwenye mto, na jinsi alivyokuwa amejivuna! Alininyooshea mkono uliokuwa na kikombe.

"Ni huyu, daktari. Nanjala, mke wa mwanangu. Hakuna mwingine anaweza."

Obonyo aligeuka polepole. Akaniona.

"Mama Cindy?"

"Bwana Obonyo."

"Mwingine yeyote akikosea hivi nitasema hajui." Sauti yake ilikuwa imeshuka chini sana. "Wewe nilikufundisha mwenyewe. Dakika thelathini. Ulirudia mara tatu kwa ofisi yangu."

"Si mimi!" Nilisimama. "Mkebe ndio wangu. Unga ni wa huyu hapa! Aliuza wangu akajaza wake. Amesaga soya mbichi, muulize Musila wa Kitengela, amesaga kwa mikono yake!"

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu siku aliyoondoka na daftari langu. Nimkamate mbele ya watu, mbele ya mtu wa serikali, na ushahidi mezani. Yalitoka yote, na yalikuwa matamu mdomoni kwa muda ule mfupi.

Nilimwona Elizabeth akirudi nyuma kichwani mwake, siku moja baada ya nyingine, Kisaju hadi Kitengela, hadi kwenye gunia lililofunguliwa mbele ya mashine.

"Kwa hivyo soya inachemshwa," akasema.

Nyawira alikuwa mlangoni ameshika mdomo.

Elizabeth hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitoa daftari langu kwenye mfuko wa aproni yake, akaliweka juu ya godoro kando ya miguu ya Mama, taratibu, kama mtu anayerudisha alichoazima.

"Ndiyo, unga ni yangu, daktari. Niandike jina. Lakini mimi niliuliza kwanza." Akanigeukia. "Wifi, mwambie daktari. Nilipokuuliza juu ya soya kwa Musila, ulinijibu nini?"

Obonyo alikuwa ananitazama. Sikumjali Obonyo.

Mama alikuwa amenigeuzia ule uso wake uliopinda, na kikombe hajakiachilia bado.

"Ulimjibu nini, mwanangu?" akaniuliza.